Kutafuta mwenzi wa kudumu Nairobi: maswali ninayoulizwa kila wiki

Mimi ni mshenga. Nikisema hivyo ndani ya matatu watu hucheka, wanadhani kazi hiyo iliisha zamani pamoja na kandili. Nilianza bila kukusudia, nikiwa katibu wa kwaya huku Eastlands. Vijana walikuwa wakiniuliza, "Mama, yule wa sauti ya pili ana mtu?" nami nikawa najibu ninachokijua. Jozi ya kwanza niliyoikutanisha ina watoto wawili ambao sasa wako sekondari. Maswali haya nimeyaandika yanavyonijia, bila mpango mwingi.

Ni kweli Nairobi wanaume wa kuoa wameisha?

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073 katika Kaunti ya Nairobi: wanawake 2,204,376, wanaume 2,192,452 na huntha 245. Wanawake wamewazidi wanaume kwa watu wasiofika 12,000, tena humo wamo watoto wachanga na ajuza. Wanaume nao huja kwangu wakilia kwamba wanawake wazuri wameisha. Huenda wanaolia hivyo, mwanamke na mwanamume, hupanda matatu moja kila asubuhi.

Watu wapo. Wasiokuwapo ni mashahidi. Kule mashambani kijana akitaka kuoa, mshenga alijua mama wa binti ana mdomo wa namna gani, babu alikufa kwa ugonjwa gani, na kama kijana mwenyewe alilipa deni la mbuzi au alilikimbia. Waluo walikuwa na jagam, Waswahili wana mshenga, na karibu kila jamii ya nchi hii ilikuwa na mtu wa namna hiyo, mara nyingi shangazi. Hapa mjini unakutana na mtu aliyekuja peke yake. Hana ukoo, hana jirani, hana jana. Ana simu na shati lililopigwa pasi, na habari zake zote unazipata kwake mwenyewe. Wengi ninaowapokea wakiwa wameumia waliumia hapo, na ndiyo sababu majibu yangu mengi yatarudi kwenye jambo hilo.

Basi nianze wapi kutafuta?

Anza mahali ambapo watu wale wale huonana wiki baada ya wiki. Kwaya, chama cha kuweka akiba, timu ya mpira ya Jumapili asubuhi, kikundi cha kupanda milima, darasa la jioni, kamati ya mazishi. Ndiyo, kamati ya mazishi. Huko utaona nani hufika kwa wakati, nani aliahidi 2,000 na akazitoa, nani hushika daftari la michango bila hesabu kupotea, na nani huongea sana halafu siku ya kusafirisha mwili simu yake haipatikani. Nimeunganisha jozi tatu kutoka kamati za aina hiyo, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amekwenda pale kutafuta mchumba.

Klabu siilaani. Nina watu waliokutana baa Ijumaa usiku, wakaoana, na wanakaa vizuri kuliko wengine niliowatoa kanisani. Ila ukikutana na mtu baa, kile unachokiona ni mtu aliyejiandaa kuonekana. Itabidi umtafutie siku ya Jumanne, akiwa amechoka na mshahara haujaingia.

Jambo la pili, waambie watu. Hili Wanairobi hawalitaki hata kidogo. Mtu ana miaka 34, anatamani nyumba yake, lakini hata dada yake wa tumbo moja hajui. Anaona kusema "natafuta" ni kama kukiri kwamba ameshindwa. Hakuna aibu hapo. Mwambie shangazi yako, mwambie yule mwenzako wa kazini ambaye hasengenyi watu, mwambie mama mboga anayejua ploti yenu nzima, jengo la wapangaji, kuanzia chini hadi juu. Wala usiseme "nitafutie mtu" ukaachia hapo, maana utaletewa yeyote aliye hai. Sema unafanya kazi gani, unapenda kuishi namna gani, na kitu kimoja ambacho huwezi kukivumilia. Mtu anayekujua akipewa hayo matatu, kichwa chake huanza kufanya kazi hata akiwa kwenye foleni ya benki.

Na hizi programu za simu, kama Tinder na Badoo?

Zitumie ukitaka. Programu inakuletea mtu bila mashahidi, kwa hiyo kazi ya kuwatafuta mashahidi inakuwa yako. Weka picha za mwaka huu, siyo zile za mahafali. Ongeeni kwa video wiki ya kwanza. Ndani ya wiki mbili au tatu muwe mmeonana ana kwa ana, maana mnaoandikiana miezi minne bila kuonana mnampenda mtu mliyemtunga wenyewe kichwani.

Tapeli wa mapenzi utamjua kwa haraka zake. Haraka ya kuonana hana, ila haraka ya kupata shida anayo. Wiki ya pili mama yake amelazwa. Wiki ya tatu kuna mzigo umekwama bandarini Mombasa na pesa za kulipia ushuru zimepungua kidogo tu. Mwingine ni mwanajeshi wa nchi ya mbali ambaye hawezi kuwasha kamera kwa sababu za usalama. Ukishawishika kutuma, M-Pesa hukuonyesha jina la mpokeaji kabla hujathibitisha: ikiwa mpenzi wako ni Brian na jina linalotokea ni la Purity, hapo umepewa shahidi wa bure, msikilize.

Picha za uchi usitume, kwa yeyote, hata mkiwa mmevishana pete. Sheria ya 2018 kuhusu uhalifu wa kompyuta na mtandao inamtoza anayesambaza picha za faragha za mwenzake faini ya hadi shilingi 200,000, au kifungo cha hadi miaka 2, au vyote viwili. Lakini sheria hiyo huanza kazi wakati mjomba wako ameshaiona picha.

Nimtumie nauli?

Usimtumie. Kula nauli, yaani kutumiwa nauli kisha usije, ni mchezo wa zamani katika jiji hili na una mabingwa wake. Kutaneni mahali ambapo kila mmoja anaweza kujifikisha, kisha ukiridhika mpe nauli ya kurudi mkononi. Asiyeweza kujilipia matatu kuja mjini mara moja, au ana shida ya kweli ambayo ataieleza bila kuona haya, au hakuwa na nia ya kuja.

Nanyi mabinti, acheni kula nauli za watu. Namjua mmoja aliyekula 500 ya kijana wa Zimmerman akamzima kwenye simu. Miaka miwili baadaye kaka yake binti huyo alipopeleka mahari, kijana yule alikuwa ameketi upande wa wakwe, na ndiye aliyepewa kazi ya kuwakaribisha wageni kwa majina.

Tukutane wapi mara ya kwanza?

Mchana, penye watu, mahali ambapo unaweza kuondoka kwa miguu yako. Wanairobi bado huambiana "tupatane Hilton" ingawa hoteli yenyewe ilifunga milango mwishoni mwa 2022. Archives, jumba la kumbukumbu za taifa pale Moi Avenue, panafaa, au kwenye sanamu ya Tom Mboya, halafu mtembee kwenda kunywa chai mahali pasipo na muziki wa kupasua masikio. Chai na kitafunio vinatosha. Anayetaka kuku mzima na vinywaji vitatu siku ya kwanza amekuja kula.

Karura na Arboretum ni pazuri, ila paweke kwa mara ya tatu au ya nne. Msitu ni msitu.

Usikubali kukutanishwa kwenye nyumba ya kukodi ya usiku mmoja, wala nyumbani kwake, wala kwako. Januari 2024 wanawake waliuawa jijini katika vyumba vya namna hiyo, na tarehe 27 mwezi huo watu walijaa barabarani Nairobi na miji mingine wakidai mauaji ya wanawake yakome. Mwachie mtu mmoja jina la unayekwenda kumwona, namba yake, mahali, na saa utakayokuwa umerudi. Beba pesa za kurudi nyumbani ambazo hazitegemei ukarimu wa mtu. Ukidhulumiwa, namba 1195 hupigwa bila malipo mchana na usiku.

Wanaume huwa wanaruka sehemu hii. Kuwekewa mchele, yaani dawa ya kulewesha ndani ya kinywaji, hakuchagui misuli. Kinywaji chako ukikiacha mezani ukaenda msalani, ukirudi agiza kingine.

Nitajuaje kwamba hajaoa, au hajaolewa?

Swali hili huulizwa kuliko mengine yote, na mara nyingi huulizwa kwa kuchelewa.

Anza na saa. Simu inayozimwa kila jioni saa moja na kuwashwa saa mbili asubuhi ina mwenyewe. Tazama na Jumapili zake. Halafu ingoje Desemba. Nairobi nzima huenda ushago, yaani kijijini, Krismasi, na hapo ndipo siri nyingi hufichuka. Ikiwa tangu tarehe 20 hadi baada ya Mwaka Mpya hapatikani, na kila mwaka sababu ni "huku kwetu hakuna mtandao", kuna mtu anayempata vizuri sana bila mtandao.

Miezi mitatu ikipita hujapajua anakoishi, uliza waziwazi kwa nini. Siku ukienda, msalimie keateka, yule mwangalizi wa nyumba, msalimie mlinzi, nunua maji kwenye duka la chini. Usiwahoji kama polisi. Watu wa ploti huongea wenyewe, na namna wanavyokutazama inatosha. Wakikuangalia kwa huruma, rudi nyumbani ukafikiri.

Karatasi nazo zina kazi yake, ingawa watu huzielewa nusu. Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua ndoa za aina tano: za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu. Za Kikristo, za Kihindu na za kiserikali ni za mume mmoja na mke mmoja. Za kimila na za Kiislamu zinaruhusu mume kuongeza mke. Kwa hiyo ukiambiwa "tuliachana zamani", uliza walikuwa wameoana kwa njia gani. Ndoa ya kanisani au ya serikali haivunjwi kwa mtu kubeba godoro na kuhama. Huvunjwa na mahakama, na mahakama hutoa hati. Mwenye hati hakasiriki akiulizwa. Asiye nayo ndiye hupandisha sauti.

Ndoa ya kimila ndiyo ngumu kuiona. Sheria inataka wenye ndoa hiyo wamjulishe msajili ndani ya miezi 3 baada ya kukamilisha taratibu, lakini wengi hawajawahi kufika hata mlangoni pake, Sheria House. Mtu anaweza kuwa na wake wawili kijijini na jina lake lisiwe kwenye daftari lolote. Hapo hakuna kompyuta itakayokusaidia. Utahitaji mtu wa kijiji chake, na ndiyo maana nikikutana na mteja mpya humuuliza kata anayotoka kabla sijamuuliza kazi anayofanya.

Nimeandika orodha ya sifa ninazotaka. Ziko 14.

Mchagua nazi hupata koroma. Nipe orodha, nitaifuta hadi zibaki tatu.

Urefu futa. Gari futa, gari huuzwa. Shahada futa, isipokuwa kama unatafuta mhadhiri. Ukifika kwenye zile za ndani, jiulize hivi: mama akiugua saa nane usiku, huyu ni mtu wa kuamka atafute teksi, au ni mtu wa kusema "tungoje asubuhi"? Wateja wangu wengi wakijibu swali hilo hugundua hawakuwa wameandika chochote kinachohusiana nalo.

Watu husikia hivi wakadhani nawaambia wapunguze viwango. Ulevi wa kila siku, mkono unaoinuka, dharau mbele ya watu, uongo kuhusu pesa: hayo hayapunguzwi, hata kama una miaka 45 na mama yako analia kila Jumapili.

Yeye anakaa Ruiru, mimi Rongai. Tutaweza?

Watu wa Nairobi na wa Dubai wanaweza. Ruiru na Rongai, kila moja upande wake wa jiji, sina hakika.

Nasema kwa mzaha, lakini matatu mbili kwenda na mbili kurudi, na msongamano, vimeua mapenzi mengi kuliko usaliti. Kama mna nia, wekeni siku moja ya wiki ya kukutana mjini katikati ambayo haihamishwi, na mapema mjue ni nani atahama mambo yakiiva. Anayesema "nitahama tukioana" bila kujua kazi itakuwaje hajafikiri.

Wazazi wangu hawataki kabila lake.

Kila miaka mitano uchaguzi ukikaribia, hata wazazi waliokuwa wamenyamaza hupata sauti. Baada ya ghasia za 2007 na 2008 nilikaa na wanandoa waliokuwa wameishi pamoja miaka kumi, ukoo mmoja ukidai binti yao arudi. Wengine walirudi. Kwa hiyo sitakuambia kabila si kitu. Nitakuambia linafanyiwa kazi.

Msipeleke habari hiyo kwa wazazi mkiwa wawili tu. Tafuta mtu wa ukoo wako anayeheshimika, mjomba au shangazi, mkutanishe na mchumba wako mara mbili tatu katika mambo ya kawaida, chakula, safari, hata foleni ya hospitali. Yeye ndiye aende kusema. Mzazi husikia "huyu nimekaa naye" kwa sikio tofauti na anavyosikia "nampenda". Na nyinyi wenyewe zungumzeni mambo ambayo mapenzi huyasahau: watoto wataitwa majina ya nani, nyumbani mtaongea lugha gani, na mmoja wenu akifa atazikwa wapi. La mwisho linatisha, najua. Uliza mawakili wa mji huu kesi za mazishi zinavyopasua familia.

Dini ni nzito kuliko kabila. Msiiahirishe kwa kusema "tutaona". Kabla hamjafika kwa wazazi mjue ni nani atafungisha ndoa, kasisi, sheikh au msajili, na watoto watalelewa katika imani ipi.

Nina mtoto. Niseme lini?

Kabla ya chai kupoa. Siku ya kwanza, kwa sentensi moja, bila kuomba msamaha: "Nina binti wa miaka sita." Atakayekimbia amekuokolea miezi. Ila mtoto mwenyewe usimkutanishe naye upesi, kwa sababu mtoto hushikamana, na wewe ukiachana na mtu yeye huachwa pia. Ngoja hadi mmeshajuana na ndugu.

Na mseme ukweli kuhusu mzazi mwenzako: mnaongea mara ngapi, ada ya shule analipa nani, huja nyumbani au hukutana nanyi nje. Wanaume wanaolea watoto peke yao husahaulika katika habari hii, na ninao kadhaa kwenye daftari langu. Kusema kweli ni rahisi kuwaunganisha, kwa maana mtu amekwisha kuonyesha kwamba anaamka usiku.

Nina miaka 38. Nimechelewa?

Kupata mwenzi hujachelewa. Nimeunganisha watu wa miaka 50 na zaidi, na hao ndio husumbua kidogo zaidi, wanajua wanachotaka. Ikiwa ni mwanamke na unatamani kuzaa, basi nakuambia kama dada: uwezo wa kushika mimba hupungua, na baada ya miaka 35 hupungua kwa kasi. Muone daktari wa wanawake sasa, ukiwa bado unatafuta, ujue ulipo. Wanaume wacheni kucheka. Mbegu zenu nazo huzeeka.

Ambacho sikubali ni mtu kuolewa na yeyote kwa hofu ya tarehe.

Tupime nini kabla ya kuoana?

Virusi vya Ukimwi, mkapime pamoja na majibu mkayasikilize pamoja, kisha mrudie baada ya miezi 3. Ikiwa mmoja ana virusi, safari haijaishia hapo: anayetumia dawa vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Pimeni pia homa ya ini aina ya B, maana asiye nayo anaweza kuchanjwa.

Halafu selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, kipimo ambacho watu hawakikumbuki. Ugonjwa huu umeenea zaidi Magharibi, Nyanza na Pwani, sehemu zilizokuwa na malaria nyingi, na Wanairobi wengi wametoka huko. Mtu anaweza kubeba chembe za urithi wake bila kuumwa hata siku moja. Wawili wanaozibeba wakikutana, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuleta mtoto mgonjwa. Kipimo ni cha damu, ni cha mara moja maishani. Nimekaa na wazazi huko Kayole waliosema wangeoana hata hivyo, lakini wangependa kuwa wamejua.

Tuanze kuishi pamoja kwanza, tuone?

Njoo-tuishi huanza na mswaki. Mswaki unaletwa, halafu nguo, halafu kodi inaonekana ni upuuzi kulipwa mara mbili, na mwaka ukiisha mna sufuria za pamoja na hakuna aliyewahi kuamua chochote.

Wengi hudhani wakikaa miaka mitano sheria itawaita mume na mke yenyewe. Haiko hivyo. Januari 2023 Mahakama ya Juu ilieleza ni lini wawili wanaoishi pamoja wanaweza kudhaniwa kuwa wameoana: wawe wamekaa pamoja kwa muda mrefu, wawe huru kuoana, wawe walikusudia kuoana na kukubaliana hivyo, na wawe walijionyesha kwa watu kama mume na mke. Anayedai ndoa ndiye mwenye mzigo wa kuithibitisha. Na ikiwa mmoja alikuwa bado amefungwa na ndoa nyingine ya kanisani, dhana hiyo inaanguka hapo hapo. Hebu fikiria mama aliyefua na kupika miaka kumi na miwili, sasa anatafuta majirani wa zamani wakaseme mahakamani kwamba waliitwa "Mama na Baba Fulani".

Mkitaka kuishi pamoja, wekeni tarehe ya kwenda kwa wazazi kabla ya mswaki. Ndoa ya kiserikali haina mambo mengi: mnatoa ilani, inakaa siku 21 ili mwenye pingamizi ajitokeze, kisha mnafungishwa mbele ya msajili na mashahidi wawili. Watu huiona ndogo kwa sababu haina mahema. Mimi nazipenda hizo siku 21. Ni wakati ambao jiji zima limepewa nafasi ya kusema linachokijua.

Mahari ya siku hizi inatisha. Nafanyaje?

Kwanza jua kwamba safari ya kwanza si ya kulipa. Wakikuyu wana siku ya kwenda kujulikana nyumbani kabla ya ruracio, yaani siku ya mahari, Waluo huanza na ayie, neno lenye maana ya "nakubali", nazo ni pesa za kumpelekea mama wa binti, na Wakamba wana mbuzi wao wa ntheo. Kila ukoo na mpango wake, kwa hiyo usikubali ushauri wa rafiki wa kabila lingine, wala wangu. Muulize mchumba wako ni mzee gani kwao hupanga mambo hayo, na mtume mtu akazungumze naye mapema. Bei inayotajwa uani na ile inayotajwa sebuleni mbele ya wageni hazifanani.

Kisheria, pale mila inapodai mahari, kutoa sehemu yake tu kunatosha kuthibitisha ndoa ya kimila. Kwa hiyo kukopa kwenye programu tano za simu ili uonekane ni kujitafutia ugomvi wa mwaka wa kwanza. Nimewaona maharusi wakilipa madeni ya mbuzi walioliwa na watu wasiokumbuka hata jina la bibi harusi.

Alinivisha pete halafu akaghairi. Naweza kumlazimisha?

Hapana. Ahadi ya kuoa haimfungi mtu. Lakini uliyepata hasara kwa ajili ya ahadi hiyo unaweza kudai fidia mahakamani. Tunza risiti za ukumbi.

Amekaa siku tano hajajibu ujumbe. Je, ameshikika na kazi?

Umeuliza, na jibu unalo.

Unalipisha kiasi gani?

Kujiandikisha hulipi kitu. Unapogharimika ni nauli yangu nikienda kuulizia kwenu, na ukioa au ukiolewa utaniletea leso na sukari, kama zamani. Mshenga anayedai maelfu kabla hajauliza kijiji chako anauza namba za simu.

Nami hukataa watu. Mwanaume anayetaka "mtoto mdogo asiye na maneno mengi" namrudisha mlangoni. Mwanamke anayeanza kwa kuuliza ana ploti ngapi namwambia aende kwa dalali wa mashamba.

Nije siku gani?

Jumamosi, kuanzia saa nne hadi saa nane mchana. Lete kitambulisho, na uje na mtu mmoja anayekujua vizuri: ndugu, rafiki wa miaka mingi, hata jirani. Wewe utakaa nje kidogo na gazeti, mimi nitaongea naye kwanza. Mkija wawili mkiwa mmepanga cha kusema, nitajua.